Paka Mwoga na Sindano ya Mzungu

Juzi hapa Kasongo, barazani kwa Mzungu anayetibu ng'ombe, nilimwona mama mmoja amekumbatia kitunga. Ndani yake paka alikuwa akilia kama mtoto mchanga. Sikio lake lilikuwa limeoza, linatoka usaha, na tangu azaliwe hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba.

Mzungu alipoinua sindano, mama akasimama mbele yake, akakunja mkono wa gauni.

"Bwana munganga, anza na mimi. Akiona sikulia, naye atanyamaza."

Alikuwa akitetemeka kuliko paka. Mzungu akacheka, akaweka sindano mezani, akamkuna paka chini ya kidevu.

"Hii paka iko na woga sana," akasema. "Tutangoja kidogo."

Mama akanigeukia, macho yamemtoka.

"Umesikia? Ile siku gari la ugonjwa wa malale lilipokuja kutupima, Wazungu walitupanga mustari, wakatuchoma sindano ya mugongo. Nani alitungojea?"

 Tulingoja mpaka paka akatulia, akachomwa, akarudi kitungani mwake.

Basi gari la malale likirudi, wasomaji wangu, msinitafute mustarini. Nitakuja ndani ya kitunga.