Papa Mugisho na mashini zisizosikilizana

Kwenye matanga ya Papa Mugisho, kule mutaa wa Kadutu, nilikuta mujane wake Maman Nsimire, dada yake Cibalonza aliyetoka Kamituga kwa pikipiki, matope mpaka magotini, tonton Bahati aliyefanya naye kazi, na wamama wa korale, wale waimbaji wa kanisa. Mimi nilikuwa nani kwake? Bibi muzee aliyemusumbua kwenye biro, ofisi yake ya kazi. Habari ya kifo chake ilinikuta nikichambua sombe ya muhogo, na majani yakabakia pale pale.

Wasomaji wangu wanaijua ile vita. Tulipokimbia kwa njia ya Kalehe, mujukuu wangu Ombeni alipotea katikati ya watu. Mama yake, binti yangu Nabintu, kila mutoto akilia barabarani alitoka inje kuangalia. Hapa mujini biro tatu ziliandikisha watoto waliopotea, kila moja na ordinateri yake, ile mashini ya kompyuta, na namna yake ya kupanga majina. Unauliza kwa mapadri, wanakutuma kwa wazungu wa misaada. Wazungu wanakutuma kwa komini, ofisi ya serikali. Wakubwa walitaka majina yote yaingie katika mashini moja, lakini kila mukubwa alitaka hiyo moja ikuwe yake!

Papa Mugisho, fundi wa hizo mashini, akakataa. “Waache na mashini zao, Bibi. Mimi natengeneza mukalimani wa kukaa katikati. Wewe unauliza mara moja, yeye anauliza kila mashini kwa luga yake.”

“Na wakileta mashini ingine?”

“Namufundisha luga yake tu. Ulizo lako halibadilike.”

Tonton Bahati akacheka: “Mukalimani asiyeomba bia! Huyo utamutoa wapi?”

Siku mukalimani, ile programu yake, alipoanza kazi, tuliuliza: Ombeni, mama yake Nabintu. Mashini zote zikajibu hakuna. Nabintu akafunika uso kwa kitenge. Papa Mugisho hakuzima mashini. Akamuuliza polepole: “Maman, kwenu nyumbani wanakuita nani?”

“Mama Furaha.” Furaha njo mujukuu wangu wa kwanza, mukubwa wa Ombeni.

“Basi Ombeni hajawahi kusikia hilo jina Nabintu,” Papa Mugisho akasema.

Biro mbili ziliandika jina la mama kama liko kwenye karatasi zake. Ya tatu iliandika kile mutoto alichosema. Papa Mugisho akamufundisha mukalimani aulize ile ya tatu vile mutoto anavyosema: Mama Furaha. Ombeni akatokea: iko Luberizi, kwa familia ya walimaji wa muchele.

Nabintu hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Anakula?”

Miaka ile kila mwenye nguvu alitaka wengine waache yao wafuate yake, na tuliona matunda. Huyu hakumulazimisha mutu. Taabu ya kuelewana aliibeba yeye mwenyewe, ili mama aliyechoka aulize mara moja. Hiyo njo kazi ningependa wenye masomo wetu waifanye.

Kama kuna mahali nimekosea, ninyi muliofanya naye kazi munirekebishe, bila haya. Mimi nilikuwa upande wa wanaouliza.