Kumi Iligeuka Saba Baada ya Ajali

Mume wangu alifutwa kazi akiwa bado kitandani hospitalini, mikono yote miwili imefungwa bandeji.

Kosa lake? Eti hakusoma maagizo.

Wacha niwaambie vile ilienda. Na kama una ndugu anafanya kazi ya ofisi, msomee hii.

Obwocha alikuwa anaendesha boila kwenye kiwanda kidogo cha majani chai, upande wa Manga. Cha mtu binafsi. Paipu ikapasuka, mvuke ukamchoma kuanzia vidole hadi mabega.

Dada yangu Cynthia, karani wa hicho kiwanda, alikuja wodini na uji. Alilia kuliko mimi.

Bosi wao, Onyiego, hakukanyaga. Alituma tu barua ya kumfuta kwa imeili yangu, pamoja na maagizo ya boila. Hapo kwa maagizo imeandikwa wazi: presha isizidi saba.

Nikamsomea Obwocha.

"Mama Purity," akasema, "hiyo saba sijawahi kuiona. Sisi tulipewa kumi."

"Una uhakika?"

"Ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yangu. Kumi!"

Sasa, mimi nina saiba, kaduka ka kompyuta na kuprinti, pale Marani. Maagizo hayo yalipotoka, ni mimi nilimprintia Onyiego. Faili ilikuwa bado kwa kompyuta yangu.

Na kuna programu natumia. Unaipa matoleo mawili ya maandishi, ya zamani na mapya. Inayalinganisha yenyewe neno kwa neno, na palipobadilika inatia rangi nyekundu.

Nikaipa faili yangu na ile ya Onyiego.

Kurasa zote safi. Nyekundu ilikuwa mahali pamoja tu: kumi imekatwa, saba imeandikwa.

Na tarehe juu ya zote mbili ni ile ile, ya kabla ya ajali.

Nyasae one, Mungu wangu! Watu wametunga onyo mtu akishaungua!

Nikaingia kwa taarifa za ndani za faili ya Onyiego, zile kompyuta hujiandikia bila kuulizwa. Ilibadilishwa kesho yake baada ya ajali.

Aliyeibadilisha: Cynthia.

Nilikaa. Mteja alikuwa ananiuliza bei ya kupiga kopi, simsikii.

Nikampigia simu. Hakukana.

"Onyiego alisema ni kurekebisha namba tu, watu wa bima wasisumbue. Angenifuta, Rose. Nina watoto."

"Kwani Obwocha amezaa mbuzi?"

Akakata simu.

Nilipeleka faili zote mbili kwa afisa wa kazi. Onyiego akaitwa, Cynthia akaitwa. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha ile nyekundu, kisha jina.

Cynthia akamnyooshea Onyiego kidole. "Ni yeye alinituma."

"Kwa maandishi?" afisa akauliza.

"Kwa mdomo."

Onyiego akainama kwenye skrini, akaitazama polepole, akajinyoosha.

"Mimi jina langu liko wapi hapo?"

Halikuwepo.

Obwocha alisafishwa jina. Cynthia alifutwa kazi, na sasa ana kesi ya kughushi. Onyiego alinunua boila mpya, pasta akaja kuiombea.

Mama yetu hapokei simu zangu tena. Mara ya mwisho tuliongea alisema, "Ungeniambia mimi kwanza. Mnaanikana aje na mmelala kitanda kimoja mkiwa watoto?"

Nilikuwa namlisha Obwocha kwa kijiko.

Na sijui kama ningeifanya tofauti. Usiniulize.

Lakini wewe uliye ofisini, siku bosi atakuambia "badilisha hapa kidogo tu", inuka. Mwachie kiti abadilishe mwenyewe. Kompyuta huandika mkono uliobonyeza. Mdomo uliotuma, haiuandiki.