Siti Hakuomba Radhi kwa Sukari

Siti Khatibu alipika uji miaka tisa katika shule moja ya Kiingereza mjini Kasulu. Baba yake, muuza duka, alimfundisha kusoma Kiarabu. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kamusi nene ya mnadani, ile inayoonyesha kila neno lilitoka wapi.

Shuleni hapo kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto aliyesema Kiswahili au Kiha alivikwa shingoni, na hakuvuliwa mpaka amnase mwenzake akikosea. Aliyekutwa nacho jioni alisafisha vyoo. Watoto walifundishwa kusalitiana, na sisi wazazi tukalipia.

Jumatatu moja Evaline wa darasa la pili alimwambia Siti, "Mama, niongezee sukari." Akavikwa kibao. Siti alimvua palepale.

Mwalimu Gasper akacheka. "Siku hizi jikoni kuna profesa."

"Yupo. Ndiye anayekupikia."

Mwalimu mkuu, Didas, alimwita ofisini. "Mama Firdausi, kesho utaomba radhi paredi. La sivyo, kazi huna."

Siti ni mjane. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Firdausi, binti yake, sekondari ya bweni huko Kibondo. Hata hivyo asubuhi alisimama paredi na kamusi yake mkononi.

"Waingereza wanasema shuga," alianza. "Walilipata neno hilo kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitalia, na Waitalia kwa Waarabu, wanaosema sukkar. Waarabu walilitoa kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa India ya kale. Huko lilikuwa jina la changarawe. Sisi nasi tulilipata kwa Waarabu haohao. Bibi zenu wa Rungwe Mpya wanasema kwa Kiha isukari. Evaline na Mwingereza wamechota kisima kimoja. Mwingereza naye atavikwa kibao na nani?"

Watoto waliangua kicheko. Didas hakucheka.

"Nilikwambia uombe radhi, mama."

"Naomba. Evaline, mwanangu, nisamehe. Miaka tisa nimewaona wenzako wakivikwa kitu hiki, nikaendelea kukoroga uji."

Akavua aproni, akamkabidhi Gasper, akatoka getini.

Muhula huu Firdausi hakurudi bwenini. Mama yake anauza uji sokoni. Mara mbili Didas amemtumia ujumbe kwamba nafasi yake bado ipo, aje tu aseme neno moja. Hajaenda.