Nzuri, Ila

Huku kwetu Mnyuzi mtu anaweza kuwa ametoka makaburini sasa hivi, ukamuuliza habari akakujibu, "Nzuri." Kisha anavuta pumzi na kusema, "Ila tumefiwa." Nzuri inatangulia, msiba unafuata. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ajabu, mpaka binti yangu alipougua ugonjwa usio na homa.

Alikuwa kidato cha tatu. Aliacha kula vizuri, akaacha kusuka nywele, akaacha shule, mwisho akawa analala tu kaelekea ukutani. Nilimuuliza nani kamkosea, akasema hakuna. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilifoka, nikamwambia wenzake wako shamba wanapalilia, yeye kajilaza kama mgonjwa. Akanijibu taratibu, "Ndiyo mama, naumwa."

Mshauri wa hospitalini Korogwe, msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, hakutupa dawa siku ile. Alitupa mazoea. Binti aamke mapema, aoge, aote jua, tutembee pamoja, na simu ikae kabatini wakati wa kula. Halafu kila jioni kila mtu nyumbani aseme kweli anavyojisikia, asijibu nzuri kwa kuzoea tu. Niliona nachezewa. Nimepanda basi, nimekaa kwenye benchi kutwa, narudi nyumbani na ushauri wa kuoga! Lakini sikuwa na kingine, kwa hiyo tukaanza.

Aliyegoma ni mama mkwe wangu, Mzigua wa Handeni, tunayekaa naye. "Mtu akisalimiwa anajibu vizuri," alisema. "Hayo mengine ni kukosa adabu." Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. "Basi na aseme nzuri," alisema. "Lakini asiishie hapo. Aweke ila."

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Bibi alifungua: "Nzuri, ila magoti." Mimi nikasema, "Nzuri, ila nyani wanamaliza mahindi." Binti akasema, "Nzuri, ila," akanyamaza. Tulimsubiri, kisha tukaendelea kula. Jioni nyingi zilikwenda hivyo, na mimi nikaizoea ile ila yake tupu. Nikaipenda hata, maana niliona bado kuna kitu anataka kuniambia.

Asubuhi tulitembea kando ya reli, yeye mbele, mimi nyuma na jembe langu begani. Nilikuwa natazama mabega yake yalivyokwisha.

Jioni moja akaimalizia. "Nzuri, ila sioni kwa nini niamke kesho." Bibi alibaki na tonge mkononi. Niliogopa. Na bado nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa ameniambia mimi mama yake. Tulirudi Korogwe, safari hii akapewa vidonge. Tukaendelea kutembea, kuota jua, kula pamoja. Masika yakaja, yakaisha. Sikuona nafuu yoyote. Nikaacha hata kuomba apone upesi, nikawa naomba tu asije akaacha kuniambia.

Wiki hii shangazi yake alitutembelea kutoka Bungu. Alimsalimia, na binti akajibu, "Nzuri," tena akatabasamu. Shangazi akanivuta pembeni. "Wifi, mtoto kapona huyu. Shukuru." Jioni, wakati wa kula, binti akajibu vilevile.

"Ila?" Bibi akamuuliza.

"Nzuri tu, bibi."

Bibi akasema alhamdulillahi, akanawa mikono. Mimi nilikuwa natazama sahani ya binti. Alikuwa amelivunjavunja tonge lake na kulitandaza ili lionekane limeliwa.

Leo asubuhi nilimkuta ameshaamka, ameshaoga, amekaa juani mlangoni. Mazoea yote ameyashika, hakuna hata moja la kumkumbusha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za kuamka?"

"Nzuri."

Nikasimama nasubiri. Alikuwa anatazama ukuta wa choo, hana haraka na chochote. Nilisubiri mpaka ikawa aibu mtu mzima kusimama hivyo mbele ya mwanawe. Ndipo akageuka, akaniuliza kwa adabu kabisa, kama unavyomuuliza mgeni.

"Na wewe je, mama?"

"Nzuri," nikamjibu, nikachukua jembe.