Njugu Zilizoota Kwenye Mchikichi

Saa mbili asubuhi, Kariobangi Light Industries. Chini, mafundi wa mageti wamekwisha washa mashine zao na cheche zinaruka hadi barabarani. Juu, ghorofa ya pili, nyuma ya mlango uliobandikwa karatasi inayosema "Vua viatu, hata wewe", Nasambu Wekulo anatwanga.

Kinu chake si cha mti. Ni cha kauri, cheupe, kipana kama bakuli la uji wa mtoto. Ndani kuna vipande vya mzizi wa mchikichi, na juu yake imemiminwa hewa ya naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Moshi mweupe unafurika ukingoni, unashuka mezani, unapotelea miguuni pake. Moshi huo hauna joto hata chembe. Ni baridi ya kuchuna ngozi ya kidole.

"Mara ya kwanza kuuona nilikimbia," anasema bila kuinua macho. "Nilifika mpaka kwa wale wa mageti. Wakaniuliza, 'Mama, kuna moto?' Nikawaambia afadhali ungekuwa moto."

Leo anatwanga kwa uangalifu kuliko siku zote, kwa maana leo majibu yanarudi. Yakirudi na njugu, kazi imekwisha. Ameambiwa hivyo waziwazi, akiwa amekaa kwenye stuli hiyohiyo.

Ili njugu hizo zieleweke, inafaa kuanza na miti yenyewe.

Kuna shamba kubwa la michikichi upande wa magharibi ya nchi, ile miti inayozaa mawese. Ugonjwa wa kuvu umeingia humo. Hula mchikichi kuanzia kitako, kutokea ndani, taratibu. Juu majani ni ya kijani, mikungu inaning'inia, mwenye shamba anachekelea, kumbe shina limeoza kama jino lililong'arishwa nje tu kwa mswaki. Majani yakianza kuinama, hapo hakuna la kufanya ila shoka, na jirani zake wamekwisha ambukizwa.

Mkuu wa maabara hii, Daktari Wangeci, anatafuta njia ya kuujua ugonjwa mti ukiwa bado unajidai mzima. Anasema mti ukishambuliwa, protini zake hubadilika. Zile za kupigana huongezeka, nyingine hupungua.

"Ni kama nyumba yenye mgonjwa," anaeleza. "Hata kabla hujaambiwa, ukiona sufuria ya uji iko jikoni saa nane mchana, unajua kuna mtu amelala chumbani."

Kuziona protini hizo, mzizi lazima usagwe uwe unga laini ungali umeganda. Ukiyeyuka, zimeharibika. Unga huo hutiwa kwenye vichupa na kupelekwa kwenye mashine kubwa ng'ambo ya mji, ambayo hutaja kila protini iliyomo na kiumbe ilikotoka.

Vijana wa chuo walijaribu kutwanga. Wakaacha madonge, wakaacha na visingizio. Ndipo Irungu, fundi wa maabara, akamkumbuka mama aliyekuwa akimuuzia siagi ya njugu karanga sokoni Kariobangi, ile ya kutwangwa kwa mkono. Watu wa soko walimwita Mama Njugu hata wakasahau jina lake.

"Alinijia nikiwa katikati ya debe," Nasambu anakumbuka. "Akaniuliza, 'Mama, unaweza kunitwangia mti mgonjwa?' Nikamuuliza unaumwa nini, na nani atanilipa, huo mti?"

Malipo yalikuwa shilingi mia tisa kwa siku. Njugu zilimpa mia nne siku ikiwa njema, na wiki ya mvua alikula mtaji. Akakubali. Lakini njugu hakuziacha, alizitwanga Jumamosi nyumbani, kwa wateja wake wa zamani.

Mkono wake haukuwa na mfano. Irungu anasema unga wa Nasambu ukipulizwa unaruka kama poda ya mtoto. Alivaa glavu, alivaa koti, alifuata kila alichoambiwa. Alijiongezea jambo moja tu ambalo hakuambiwa, kwa kuwa aliona wenzake wamelisahau.

Alikuwa na kitambaa. Kipande cha leso kuukuu, chenye maua mekundu, alichozoea kukitumia kwenye njugu. Alikuja nacho mfukoni kila siku. Miti mizima aliitwanga kwanza, na kati ya mmoja na mwingine Irungu alikisuuza kinu kwa spiriti kama kawaida. Ikifika zamu ya miti migonjwa, Nasambu alingoja Irungu ageuke, akatoa kitambaa chake na kukifuta kinu mwenyewe, kwa nguvu, kabla ya kila mgonjwa.

"Wagonjwa hawachangii sahani," anasema. "Huyu ana kikohozi, yule ana tumbo, uwachanganye? Mimi nimelea watoto wanne na wakwe."

Basi majibu ya kwanza yakarudi, na maabara ikawa harusi. Kulikuwa na kundi la protini katika kila mti mgonjwa, na katika miti mizima hakuna hata moja. Ndicho hasa walichokuwa wakikitafuta. Daktari Wangeci aliagiza soda na keki. Irungu alicheza mpaka akapiga kichwa kwenye rafu. Nasambu alikula vipande viwili vya keki na kuombea chakula mara mbili.

Kisha daktari akaketi kusoma ukurasa wa pili, ule unaosema protini hizo ni za nani. Akaipangusa miwani, akasoma tena.

"Irungu," akasema, "hizi si za mchikichi. Hizi ni za njugu karanga."

Vichwa viwili vikageuka polepole kumtazama Mama Njugu, aliyekuwa na keki mdomoni.

"Mama," akauliza daktari kwa upole uliotisha, "mchikichi unaweza kuzaa njugu?"

"Daktari," Nasambu akajibu, "kwa Mungu hakuna linaloshindikana."

Kitambaa kilipatikana mfukoni. Kilinukia hata kwa mtu mwenye mafua.

Daktari hakupiga kelele. Alisema kila kitu kitarudiwa tangu mwanzo. Kitambaa kichomwe. Nasambu asiguse njugu mpaka majibu mapya yarudi, na hayo yakija na njugu tena, daktari atatafuta mashine ya kusaga na kumshukuru mama kwa huduma yake.

"Sikulala," anasema Nasambu. "Nilijiuliza, mashine itajua kuwa mzizi wa leo ni mgumu kuliko wa jana? Mashine ina huruma?"

Hapo ndipo maisha yalipogeuka katika nyumba yao ya chumba kimoja, Kariobangi South. Kinu cha mti kilihamishiwa kwa Teresiah, rafiki yake wa sokoni, pamoja na wateja wote. Debe likafuata. Mume wake, Wekulo, fundi viatu mwenye tabia ya kunywa chai na njugu kila jioni, akapewa masharti.

"Nakula nikiwa kwenye ngazi," anasimulia Wekulo, akionyesha ngazi yenyewe, ya tatu kutoka chini. "Nikimaliza nanawa mpaka viwiko. Nasukutua. Navua shati mlangoni. Jirani mmoja akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, mama watoto ameajiriwa."

"Shati moja tu ndilo ninalokulaumia," Nasambu anamkatiza. "Lile la kijani. Ulilivaa ukaingia nalo."

"Lilikuwa na njugu moja, mama."

"Moja! Mashine ile inaona hata harufu."

Mitaani ilikuwa taabu zaidi. Nairobi ni mji wa njugu. Zinauzwa stejini kwenye matatu, mlangoni mwa kanisa, hata kwenye foleni ya maji. Nasambu akaanza kuvuka barabara kila akimwona kijana mwenye vifurushi, kama mtu anayekwepa mdai.

"Mama Njugu, niaje! Mbona unatuhepa?" walimwitia.

"Kaa hapo hapo ulipo! Nisalimie ukiwa huko!"

Haikuchukua muda uvumi ukaenea sokoni kwamba Mama Njugu ameingia dini inayokataza njugu. Wawili walimwendea Teresiah kuuliza ibada ni saa ngapi.

Teresiah mwenyewe ana maoni yake. "Nilimwambia, kama huo mti mgonjwa umejaa protini, niletee majani niwape kuku. Akanitazama kama nimemtukana mamake."

Ndiyo maana asubuhi hii Nasambu anatwanga bila kuimba, na yeye huimba. Unga wa mzizi wa leo ni wa akiba tu, ikiwa atabaki. Daktari Wangeci amesimama kando yake akipima unga kwenye mizani ndogo, amejikunyata kwa baridi. Irungu ameweka simu mezani, kioo kikitazama juu.

Simu inalia. Irungu anafungua barua pepe ya majibu, anasoma midomo ikichezacheza.

"Soma kwa sauti, kijana," Nasambu anasema. "Usinifanye marehemu."

"Njugu hakuna."

Nasambu anauweka mchi chini. Anainua mikono yenye glavu juu, anapiga kigelegele ambacho kinazimisha mashine moja ya mageti huko chini.

"Ngoja, mama," Irungu anasema. "Njugu hakuna. Lakini kuna kondoo."

"Kondoo?" anauliza daktari.

"Kondoo. Katika vichupa vyote. Vizima na vigonjwa."

Vichwa viwili vinageuka tena, kwa mazoea, kumtazama Nasambu.

"Msiniangalie mimi," anasema, mikono ingali juu. "Nyama nyumbani kwangu mara ya mwisho ilikuwa Krismasi, na ilikuwa ya ng'ombe."

Irungu anaendelea kusoma. Si nyama. Ni protini ya manyoya. Ya sufu.

Nasambu anashusha mikono taratibu. Koti lake ni la nailoni, alipewa hapa hapa. Irungu amevaa fulana ya timu yake ya mpira. Macho ya Nasambu yanatembea kutoka kwenye mizani, yanapanda kwenye mkono ulioshika kijiko, yanafika kwenye sweta nzito ya rangi ya kahawa inayochungulia chini ya koti la daktari, mikono yake mirefu ikining'inia juu ya unga.

Daktari Wangeci anaitazama sweta yake pia.

"Mamangu aliifuma," anasema, sauti imeshuka. "Sufu ya kondoo wake mwenyewe. Kinangop ni baridi."

"Amefuma vizuri," Nasambu anasema. "Sasa Daktari, hiyo uivulie mlangoni. Kama Wekulo anavyovua shati."

Wanacheka mpaka fundi mmoja wa mageti anapanda kuuliza kama kuna moto.

Kondoo, daktari anaeleza akishajifuta machozi, hataharibu kazi. Kwa kuwa ameingia kwa wazima na wagonjwa sawasawa, anaweza kuondolewa kwenye hesabu. Baada ya kumwondoa zimebaki protini tatu, za mchikichi wenyewe, zilizopanda kwa wagonjwa na kutulia kwa wazima. Huenda ndizo, huenda sizo. Itabidi kutwanga miti mingine mingi zaidi kabla ya mtu kuagiza keki. Mashine ya kusaga hainunuliwi. Nasambu ana kazi hadi mvua za masika, na pengine baadaye.

Anaketi tena kwenye stuli. Anaurekebisha mchi mkononi, anaongeza naitrojeni, moshi unashuka. Anasema ana mpango mmoja tu.

"Mwenzangu, mimi nimeitwanga miti hii mwaka mzima. Mizizi yake naijua, hata ugonjwa wake naujua. Lakini mchikichi uliosimama sijauona hata siku moja. Sijui ni mrefu kama nini."

Daktari Wangeci amemwahidi nafasi kwenye gari la shamba wakienda kuchukua mizizi mingine. Nasambu amekwisha nunua viatu vya mpira. Kwao Bungoma, mgonjwa huendewa, akapewa pole akiwa bado anasikia, na haendewi mikono mitupu. Hilo ndilo linalomsumbua sasa, ambebee nini mgonjwa ambaye hali uji wala hanywi chai.

"Bado nawaza," anasema, na mchi unaanza kupiga tena, na safari hii anaimba. "Ila Teresiah akinifungia njugu za safari, namrudishia palepale stejini."