Kaptula Yenye Mguu Uliopauka

Nakumbuka Jumamosi moja chumba cha nyuma ya kanisa kinanuka saruji, mama yako amesimama mbele ya meza na mkasi mkononi, na sisi wengine wote tumemzunguka kama tuko kwenye sala.

Mwanangu, usinicheke. Najua bado nasoma kidato cha tatu, na wageni wakija nyumbani lazima nisukumwe ndipo nitoke kuwasalimia. Lakini wewe umezaliwa wiki hii, na mtoto wa dada yangu ni mwanangu, mimi ni mama yako mdogo. Kwa hiyo yupo mtu mmoja katika nyumba hii ambaye kwake mimi ni mzee, na mtu huyo ni wewe. Haya nisingeweza kuyasema mbele za watu, ndiyo maana nayaandika. Ukijua kusoma utayasoma.

Mama yako, dada Yustina, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alimaliza la saba akakaa nyumbani. Babu yako alikuwa amehamishiwa Mtwara kutoka Iringa kuwa karani bandarini, tukapata nyumba Likombe, na kazi ya dada ikawa kupika, kufua na kuteka maji. Jioni alikwenda kutembea Shangani na wenzake, basi. Miaka ikapita hivyo. Redio nayo kila siku ilikuwa inahimiza kila mtu afanye kazi na ajitegemee, na babu yako, mtu wa ofisini, akaanza kuona aibu. Siku moja akasema, bila ukali, kwamba mwaka ukiisha Yustina hana kazi, atapandishwa basi arudi Iringa kwa bibi akalime. Dada hakutaka hata kuisikia safari hiyo. Alikuwa ameuzoea mji huu na, usiseme nimekuambia mimi, baba yako alikuwa ameshaanza kupitapita mbele ya nyumba yetu kama amepoteza kitu.

Wakati huohuo kanisani kwetu waliacha kugawa. Zamani ilikuwepo siku ya kugawa nguo na unga kwa wenye shida. Watu wanapanga mstari, wanashukuru, na mwezi unaofuata wanarudi walewale. Wazee wa kanisa walikaa wakaona hapo hakuna anayesogea. Wakafungua darasa: useremala kwa upande mmoja, ushonaji kwa upande wa pili, na asiyejua kusoma alianza na kusoma kwanza, maana utampimaje mtu kiuno kwa futi usiyoweza kuisoma. Aliyefuzu ushonaji alipewa nafasi kwenye cherehani ya kanisa, ashone nguo za watu na ale jasho lake. Lakini kulikuwa na sharti. Hakuna kufuzu mpaka uchukue kitambaa cha mteja, ukikate na kukishona mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Sasa kitambaa cha kujifunzia kingetoka wapi? Madukani kilikuwa adimu. Mwalimu wao, Mzee Yohana, fundi Mmakua kutoka Masasi, akapata njia. Meli za saruji zikipakuliwa bandarini, mifuko mingine hupasuka. Babu yako aliomba ruhusa akawa analiletea darasa ile iliyopasuka. Mfuko wa saruji umetengenezwa kwa tabaka za karatasi, na zile za katikati ni safi, za rangi ya kahawia. Wanafunzi waliikung'uta, wakainyoosha, wakakata mashati na kaptula za karatasi. Dada akawa hodari kuwashinda wenzake wote. Mimi nilikwenda kila Jumamosi kumsindikiza, nakaa pembeni natazama nguo za karatasi zimening'inia ukutani, kama watu wamezivua wakaenda kuoga.

Ndipo akaja Bi Somoe, mama mmoja mkulima wa mihogo na mikorosho ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya mashamba. Yeye ni Mwislamu, lakini darasa lilikuwa la wote na wateja walikuwa wa wote. Mwanawe Hamisi alikuwa anaanza darasa la kwanza, na mama huyo alikuwa amepanga foleni kwenye duka la ushirika mpaka akapata kipande cha kaki. Kipande kidogo, cha kaptula moja ya mtoto. Akakiweka mezani.

"Haya, mabinti wa karatasi," akasema. "Msinishonee kitu mvua ikimnyeshea mwanangu kikayeyuka."

Tulicheka sote isipokuwa dada, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Kwa hiyo Jumamosi ile ninayokuambia, dada alisimama na mkasi akashindwa kukata. Akaninong'oneza nimwombe Mzee Yohana akate yeye, halafu atashona. Nami, nisiyesema na watu, nilimhurumia hata nikakwenda. Mzee alikuwa anatia mafuta cherehani. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Anaumwa mkono?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi mwache mkono wake ufanye kazi." Akapangusa vidole kwa kitambaa, pole pole. "Binti, nikimkatia mimi, Bi Somoe atapata kaptula nzuri, na dada yako atabaki na karatasi zake. Unamwonea huruma ya leo tu."

Nilirudi nikitazama vidole vyangu vya miguu. Dada alikuwa amesikia. Akavuta pumzi, akakata.

Alikata vizuri, mstari umenyooka. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa mara mbili, kwa hiyo aliweka karatasi ya kipimo, akachora kwa chaki, akakata mguu mmoja. Halafu akaiweka karatasi ileile vilevile, akakata wa pili. Alipovikutanisha vipande mezani, havikukubali. Alikuwa amekata miguu miwili ya kushoto.

Ukiwa na karatasi ya saruji kosa hilo halionekani, mwanangu. Unakigeuza kipande kimoja, mambo yamekwisha, maana karatasi inafanana pande zote. Kaki haifanani. Upande wa nje una mistari ya mshazari na rangi imekolea, upande wa ndani umepauka. Dada aliketi sakafuni palepale.

"Mimi nimeshafika Iringa," akasema.

Mzee Yohana alikuja akageuzageuza vile vipande kwa muda mrefu. Nilidhani atafoka. Akasema, "Karatasi niliwapa mimi, na sikuwaambia kwamba kitambaa kina uso wake. Hilo ni langu, na jioni nitapita kwa Bi Somoe kulisema. Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwako, Yustina. La kwako kaliseme mwenyewe kabla sijafika."

Tukaenda. Njiani nilimshauri dada tuseme kitambaa kilitoka dukani kikiwa na kasoro. Alichukua lile furushi la vipande mikononi mwangu, akatangulia mbele.

Tulimkuta Bi Somoe anamenya mihogo. Dada akapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kwetu, akamwamkia.

"Mama, nimeharibu kitambaa chako. Nimekata miguu miwili ya kushoto."

Bi Somoe aliweka kisu chini. Alivitandaza vipande pajani, akauliza kama kuna kilichobaki. Hakikubaki. Akaanza kusema jinsi alivyosimama kwenye foleni tangu alfajiri mpaka jua likamkalia utosini, na jinsi waliokuwa nyuma yake walivyorudi mikono mitupu. Alisema kwa uchungu, na dada alisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka wala hayafuti. Mimi nilitamani ardhi inifunike.

Alipomaliza, dada akasema, "Mguu mmoja naweza kuugeuza, ndani iwe nje. Itamkaa vizuri mwilini. Ila utaonekana umepauka, siwezi kukudanganya."

Bi Somoe akamwita mwanawe, akampimia kipande pajani.

"Hamisi, utakuwa na mguu wa kwendea shule na mguu wa kurudia. Unasemaje?"

Hamisi akafikiri. Akauliza, "Itakuwa na mfuko?"

"Miwili," dada akasema.

"Basi nataka."

Bi Somoe akageuza uso upande, lakini niliona mabega yanacheka.

Dada aliishona siku ileile, mifuko akaitengeneza kwa gunia la unga. Hamisi alipoanza shule wenzake walimcheka, naye akawa anatia mikono mifukoni anapita. Na kabla mwaka haujaisha, Bi Somoe alirudi kanisani na kitenge chake mwenyewe, kipya. Mzee Yohana akanyoosha mkono kukipokea. Bi Somoe akakataa kukitoa.

"Nataka akate yule aliyekuja kuniambia," akasema. "Mafundi wengine nguo ikiharibika husema kitambaa kimefupika kwenye maji."

Mama yako akakikata, akakishona mwanzo hadi mwisho, na wiki hiyo alikalishwa kwenye cherehani, na ndiyo hiyo anayoikalia hadi leo. Babu yako hakutaja tena basi la Iringa. Naye Mzee Yohana, tangu siku ile, kila karatasi anaipaka mkaa upande mmoja kabla ya kuwapa wanafunzi. Wanarudi nyumbani mikono myeusi, lakini hakuna aliyekata tena miguu miwili ya kushoto.

Jana Bi Somoe alikuja kukutazama. Alileta ile kaptula, imefuliwa na kukunjwa. Hamisi amekua, haimwingii. Nimeikagua: kitako kina kiraka, lakini mshono wa mama yako haujafumuka popote, na mifuko yote miwili mizima. Nimeiweka kwenye sanduku lako.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wakikupa nafasi ya kujifunza kazi, jifunze mpaka ufike kwenye kitambaa chenyewe, usiridhike na sifa za karatasi. Usimwombe mtu akukatie kile unachoogopa kukata. Ukikosea, nenda kwa mwenye mali kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako, halafu sema unaweza kutengeneza nini. Na ukimpenda mtu, msindikize mpaka mlangoni, ila usimsemee. Hilo la mwisho nililijua kwa kuchelewa.

Siku utakapoivaa kaptula hiyo kwenda shule, wakikuuliza mbona mguu mmoja umepauka, waambie mama yako aliikata mwenyewe. Mungu akukuze, akupe mikono isiyoogopa kazi na ulimi usioogopa kweli, na akuepushe na aibu ya bure niliyo nayo mimi. Amina, mwanangu. Sasa lala, nasikia umeamka unalia.