Karatasi ya Kuchagua Masomo

Harufu ya dawa ya kutakasa mikono hunirudisha kwenye meza yetu ya jikoni, Doonside, huku ughaibuni, wakati wa kufungiwa ndani kwa korona. Mama alikuwa ametoka kazini, kutunza wazee, barakoa ikining'inia sikioni. Karatasi za shule zilikuja kwa Kiingereza, ambacho hakukisoma, nikawa namsomea mimi.

"Hapa umechagua nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimechagua uandishi wa habari na upigaji picha. Nikamwambia, "Sayansi, mama. Ya manesi."

Kusema haki, hakuwahi kunilazimisha. Labda angekubali, sijui, sikumpa nafasi. Akasaini.

Jumapili, kwenye ibada ya simu, akatoa ushuhuda: "Mungu amesikia. Mtoto wangu atakuwa nesi."

Waumini wakafungua maiki, wakaitikia amina mmoja mmoja. Mama akanigeuzia simu. Nami nikasema amina.